Mawe kwenye nyongo: mwongozo kamili wa njia za asili, na pale zinapoishia

Nianze na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia, hata mimi sikulipenda. Hakuna mzizi, majani, juisi wala mafuta yaliyothibitika kuyeyusha mawe ya nyongo yakaisha kabisa. Nimetafuta sana jamani, nimekunywa vitu ambavyo hata mbuzi asingekunywa. Ila hiyo haimaanishi hakuna cha kufanya ukiwa nyumbani, kipo kingi tu. Unaweza kupunguza mashambulizi ya maumivu, unaweza kuzuia mawe mengine yasitengenezwe, unaweza kuishi na hayo uliyonayo kwa miaka bila kusumbuliwa, na hasa unaweza kujua ni saa ngapi uache mambo ya jikoni ukimbie hospitali. Humu ndani ni hayo tu, hatua kwa hatua, kwa jinsi nilivyojifunza mwenyewe na kwa jinsi madaktari walivyonielewesha.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni mawe, na ni ya nyongo

Mimi nilitibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima na zaidi. Kila nikienda na maumivu ya chembe ya moyo naandikiwa omeprazo, narudi nyumbani, naambiwa ninywe maziwa. Kumbe maziwa yale ya mafuta ndo yalikuwa yananiumiza zaidi, nitaeleza kwa nini.

Maumivu ya nyongo yana tabia yake. Yanakuja juu ya tumbo katikati au chini ya mbavu za kulia, yanapanda taratibu mpaka yanakaa pale pale bila kuachia, halafu yanachoma kwenda mgongoni au kwenye bega la kulia. Mara nyingi yanakuja saa moja au mbili baada ya kula kitu cha mafuta, au usiku wa manane ukiwa umelala, yanakaa nusu saa mpaka masaa kadhaa halafu yanapotea kama vile hayakuwepo. La kwangu la kwanza lilikuja saa nane usiku baada ya kitchen party, pilau na nyama za kutosha, nikadhani nimelogwa.

Kipimo chake ni ultrasaundi ya tumbo, basi. Sio ya gharama kubwa kama watu wanavyodhani na kwa mawe yaliyo ndani ya mfuko wa nyongo, yaani kile kifuko chini ya ini kinachotunza nyongo, inaona vizuri sana. Nenda hujala kwa masaa 6 mpaka 8, maana ukila mfuko unajibana na mpimaji haoni kitu. Mtu akikugusa mkono au kukuwekea mashine kiganjani akakwambia una mawe ya nyongo, mshukuru, ondoka.

Na usichanganye na mawe ya figo. Hapa watu wanapotea sana, mtu anasikia "mawe" anaanza kunywa maji lita tatu na chai ya majani fulani. Maji mengi yanasaidia figo kwa sababu mkojo unapita hapo, ila nyongo haitokani na mkojo, inatengenezwa na ini. Kunywa maji ni vizuri, lakini hayafiki kwenye hayo mawe kuyasukuma.

Ukipata majibu, muulize daktari vitu vitatu: mawe ni mangapi na yana ukubwa gani, ukuta wa mfuko umenenepa au la, na mrija wa nyongo umetanuka au la. Andika. Hivyo ndo vitakavyoamua nini kinakufaa huko mbele. Na kama umetoka kuchomwa sindano za seftriaksoni, ile antibayotiki, siku za karibuni, au ni mjamzito, au umejifungua juzi juzi, sema, kwa sababu hali hizo zinaweza kuleta tope la nyongo, yaani nyongo iliyoganda ikawa nzito kabla ya kuwa jiwe, ambalo mara nyingi linaondoka lenyewe.

Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

Kama mawe yameonekana kwa bahati tu, ulienda kupima kitu kingine, na hujawahi kuumwa, tulia. Katika watu 10 wenye mawe, kama 8 hivi hawapati dalili maisha yao yote. Hao kwa kawaida hawakatwi wala hawapewi dawa, wanaambiwa waishi vizuri. Kuna watu wachache ambao daktari anaweza kuwashauri tofauti, mfano mwenye jiwe kubwa linalozidi sentimita 3, au mwenye selimundu (sickle cell).

Kuhusu selimundu niseme kidogo kwa sababu kwetu ipo nyingi. Mawe mengi ya watu yanatokana na kolestroli iliyozidi kwenye nyongo. Ya mwenye selimundu yanatokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika kila siku, mabaki yake yanageuka mawe meusi, na yanaweza kumpata hata mtoto ambaye hajawahi kuona chips. Kwa hiyo ukimsema mama wa mtoto huyo eti anamlisha mafuta unamuonea. Mengi ya ninayoandika hapa chini kuhusu chakula ni ya mawe ya kolestroli.

Kama umeshaumwa hata mara moja, upo kundi la pili. Uwezekano wa kuumwa tena ni mkubwa, na wewe ndo unatakiwa usome mpaka mwisho.

Hatua ya 3: Usiku maumivu yakija

Acha kula. Usinywe maziwa, usinywe mafuta ya zeituni, usinywe uji wa karanga "ili tumbo litulie". Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo mwili unatoa homoni inayoamrisha mfuko wa nyongo ujikamue, sasa kama jiwe limeziba mlango, mfuko unakamua dhidi ya mlango uliofungwa, na hayo ndo maumivu yenyewe. Maziwa yangu yale ya kutuliza vidonda yalikuwa yanaongeza kuni kwenye moto.

Kunywa maji funda moja moja. Weka chupa ya maji ya moto, ifunge na kanga usijiunguze, iweke chini ya mbavu za kulia dakika 15 mpaka 20, pumzika, rudia. Bibi zetu walikuwa wanapaka mafuta ya nyonyo halafu wanakanda kwa kitambaa cha moto, kinachosaidia pale ni joto, mafuta ya nyonyo kwa nje hayana neno ila usiyanywe. Kaa mkao wowote unaokupa nafuu, mimi nilikuwa napiga magoti nimekumbatia mto.

Dawa ya maumivu inayofanya kazi vizuri kwa nyongo ni jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, lakini kama una vidonda vya tumbo kweli, au figo mbovu, au pumu inayochokozwa na dawa hizo, au mjamzito, usiguse bila daktari. Parasetamo iko salama zaidi ila kwa wengine haitoshi.

Halafu angalia saa. Nasema hivi kwa msisitizo: ANGALIA SAA. Andika yalianza saa ngapi. Nenda hospitali usiku huo huo kama yamepita masaa matano hayajaachia, au una homa na kutetemeka, au macho yamekuwa ya njano, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi na choo kimekuwa cheupe kama udongo, au unatapika hata maji hayakai. Hapo mfuko unaweza kuwa umevimba na kuingia wadudu, au jiwe limetoka likaziba mrija, au limegusa kongosho, na haya yanaua. Macho ya njano pamoja na homa na maumivu usimpeleke mtu kwa mganga kwanza, na usisubiri asubuhi.

Hatua ya 4: Chakula, hapa ndo kazi yenyewe ilipo

Kosa la kwanza la kila mtu akiambiwa ana mawe ni kuacha mafuta kabisa. Nilifanya hivyo miezi miwili, ugali na mchicha wa kuchemsha, nikakonda haraka na maumivu hayakuisha. Mfuko wa nyongo usipopata sababu ya kujikamua, nyongo inakaa humo inazidi kuwa nzito, na nyongo iliyolala ndo inatengeneza mawe. Kwa hiyo unataka mafuta kidogo, kila mlo, kwa kiasi kinacholingana. Vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia kwa sahani yako ni kama gramu 9 hivi, kinatosha mfuko kujikamua bila kushtuka. Kinachokuponza ni kushinda na njaa mchana kutwa halafu saa tatu usiku unashukia chips mayai.

Mimi sahani yangu ilikuja kuwa hivi: asubuhi sikosi kula, hata kama ni kiazi kitamu na chai. Mchana ugali wa dona au wali kidogo, maharage au dengu au kunde, mboga za majani nyingi, samaki wa kuchemsha au kuku aliyetolewa ngozi. Jioni hivyo hivyo ila kidogo na mapema, angalau masaa mawili kabla ya kulala. Nazi sikuiacha, mtu wa pwani utamwambia nini kuhusu nazi, nilichoacha ni tui zito la kwanza, napikia tui la pili jepesi. Mandazi, sambusa, chipsi, chapati za kumwagiwa mafuta, makongoro, kitimoto ya kukaanga, hivyo ndo vilikuwa maadui wangu wakubwa, na wengine mayai yanawachokoza pia.

Nyuzinyuzi, yaani dona, maharage, matunda na mboga, zinaenda pamoja na mawe machache kwenye tafiti nyingi. Karanga na korosho pia zinaonekana kukinga, ila kwa mtu ambaye tayari anaumwa anza na chache sana, konzi moja ina mafuta kuliko unavyodhani. Parachichi vile vile, robo kwanza uone. Na sukari, jamani soda na juisi za sukari, watu wanahangaika na mafuta wanasahau sukari na wanga mweupe mwingi ambavyo navyo vinahusishwa na mawe ya kolestroli.

Weka daftari dogo jikoni. Andika ulichokula, saa, na kama uliumwa. Baada ya wiki nne utajua chakula chako kibaya ni kipi bila kumuuliza mtu, maana hatufanani, kuna mtu anakula nyama choma salama halafu kitunguu kibichi tu kinamlaza.

Kahawa ina kituko chake. Mwaka 1999 ulitoka utafiti mkubwa Marekani uliofuata wanaume kama 46,000, waliokuwa wanakunywa vikombe viwili vitatu kwa siku walipata ugonjwa wa mawe ya nyongo pungufu kwa karibu asilimia 40. Sasa usikimbilie kahawa, kwa sababu inasaidia kwa kuuamsha mfuko ujikamue, na kama ndani tayari kuna mawe, kuamshwa huko kunaweza kukuletea maumivu. Kama hujawahi kuwa na mawe na unapenda kahawa yako, endelea tu.

Hatua ya 5: Uzito, ila polepole

Unene unaongeza mawe, na kukonda haraka nako kunaongeza mawe, ndo maana mtu anaanza dayati kali mwezi wa kwanza na mwezi wa nne yuko kwenye ultrasaundi. Ukipunguza haraka mwili unayeyusha mafuta yake, ini linamwaga kolestroli nyingi kwenye nyongo, na kwa kuwa huli, mfuko haujikamui. Ukizidi kilo moja na nusu kwa wiki hatari inapanda wazi. Lenga nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, si zaidi. Ile ya mlo mmoja kwa siku, ile ya kunywa maji tu siku saba, zile juisi za ditoksi, kama una mawe hazikufai.

Wanaofunga Ramadhani: ongea na daktari wako kabla ya mwezi kuingia. Ukiruhusiwa, usiache daku hata kama usingizi mtamu, na usifuturu kwa bajia na sambusa kwanza, anza na tende, maji, uji mwepesi, chakula cha kawaida kije baadaye kidogo kidogo. Mfuko uliokaa kimya masaa 13 ukipigwa na mafuta kwa mkupuo lazima ulalamike.

Tembea. Nusu saa ya kutembea haraka siku tano za wiki, hiyo ni dawa ya asili yenye ushahidi kuliko nyingi zinazouzwa kwenye chupa, na inakinga hata kama hujapungua kilo.

Dada zangu, sisi tunapata zaidi kwa sababu ya homoni ya estrojeni na mimba. Kama unatumia vidonge vya majira vyenye estrojeni na una mawe yanayokuuma, usiache mwenyewe ukapata mimba usiyoitaka, ila mwambie mtoa huduma akubadilishie njia.

Hatua ya 6: Ile ya mafuta ya zeituni na limau

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hii. Unaambiwa unywe juisi ya tufaha siku kadhaa, siku ya mwisho chumvi ya haluli, usiku nusu kikombe cha mafuta ya zeituni na maji ya limau, ulale ubavu wa kulia, asubuhi uende chooni ukaone mawe ya kijani yanaelea. Nikafanya. Jirani yangu alinisimamia kama mkunga. Asubuhi yakatoka kweli, ya kijani, laini, kama mbaazi, zaidi ya thelathini, nikapiga picha nikatuma kwenye kundi la familia la WhatsApp, shangwe.

Shemeji yangu anafundisha kemia sekondari. Akanipigia akaniuliza, "Shem, yanaelea?" Nikasema ndiyo. "Sabuni gani haielei," akacheka. Nikakasirika, lakini alikuwa anaongea ukweli. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu mama mmoja aliyetoa mawe kama yangu, wakayapima, hayakuwa na kolestroli wala rangi ya nyongo wala kalisi (madini ya calcium), yaani vitu vinavyounda mawe ya kweli, yalikuwa asidi za mafuta, yaani sabuni iliyotengenezwa tumboni kutokana na mafuta aliyokunywa. Yakawekwa kwenye joto la nyuzi 40, dakika kumi yakayeyuka kuwa mafuta ya kijani. Kama umewahi kuona watu wanavyopika sabuni ya kipande kwa mafuta na kostik soda, ndo mambo hayo hayo, ila sufuria ni utumbo wako.

Ukitaka kuhakikisha fanya kama nilivyofanya, vaa glavu, chukua moja, tia kwenye kikombe cha zamani chenye maji ya uvuguvugu. Langu lilibaki duara la mafuta juu ya maji. Nikarudia ultrasaundi, mawe yangu mawili yapo pale pale, milimita 11 na milimita 8. Baadaye sana nilipokuja kutolewa nilipewa kwenye kichupa, nikayamwagia maji ya moto nikiwa jikoni mwangu, wala hayakutikisika.

Tatizo sio kudanganywa tu. Mafuta mengi hivyo kwa mara moja yanaukamua mfuko kwa nguvu, kijiwe kidogo kinaweza kusukumwa kikakwama kwenye mrija, na hapo ndo zile dalili za macho ya njano na kongosho. Chumvi ya haluli nayo inaharisha mpaka unaishiwa maji, na kwa mwenye figo dhaifu ni hatari kabisa. Usifanye.

Hatua ya 7: Mitishamba mingine

Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida, ila vidonge vya manjano vilivyokolezwa viache, kwa sababu manjano yanabana mfuko wa nyongo, na imeonekana kwa vipimo. Siki ya tufaha haijaonyesha kuyeyusha jiwe kwa mtu, ila inachubua meno na koo ikinywewa kavu. Tangawizi na nanaa zinasaidia kichefuchefu na gesi, chai yake bila maziwa ni nzuri, kunywa. Mlonge ni mboga nzuri, ule kama mboga. Mwarobaini na shubiri sijaona sababu ya kuvinywa kwa nyongo, shubiri inaharisha tu. Na dawa ya unga isiyo na jina kwenye pakiti sitaki hata kuisikia, ini ndo linalotengeneza nyongo, ukiliharibu ini umekata tawi ulilokalia.

Kitu kimoja cha asili kina ukweli na kinachekesha. Wachina wa zamani walitumia nyongo ya dubu, na mwaka 1927 Wajapani wakatoa ndani yake asidi inayoitwa ursodeoksikoliki, jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la dubu. Leo inatengenezwa kiwandani na inaandikwa na daktari, usimtafute dubu. Inaweza kuyeyusha mawe ya kolestroli yaliyo madogo, chini ya milimita 10 na hasa chini ya 5, yasiyo na kalisi, kama mfuko bado unafanya kazi. Unakunywa miezi 6 mpaka 24 bila kukosa, na ukiacha, karibu nusu ya watu mawe yanarudi ndani ya miaka mitano. Kwa mawe ya selimundu haifanyi kazi. Mimi jiwe langu kubwa lilikuwa limezidi kipimo, nikakosa sifa.

Hatua ya 8: Kujua umefika mwisho wa njia za nyumbani

Nilijipangia hivi na nakushauri ujipangie: nikiumwa zaidi ya mara mbili ndani ya miezi sita pamoja na kula vizuri, naenda kukatwa. Kwa chakula na kutembea nilikaa mwaka na nusu nikiumwa mara moja tu, halafu yakaja mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikaenda.

Oparesheni inatoa mfuko wote, sio mawe tu, maana ukitoa mawe ukaacha mfuko utayatengeneza tena. Ya matundu madogo ilianzia Ujerumani mwaka 1985, na sasa inafanyika kwenye hospitali kubwa za kwetu pia. Wengi wanarudi nyumbani siku moja au mbili baadaye, ile ya kupasua tumbo wanakaa zaidi. Kabla ya kwenda uliza bima yako inalipa ipi, kwa sababu bei za matundu na za kupasua ni tofauti sana. Na nenda ukiwa huumwi, ukiwa umepangiwa tarehe. Kukatwa kwa dharura, mfuko umevimba, ni kugumu kwa daktari na kwako.

Watu wananiuliza sasa nyongo unaitoa wapi. Ini linaendelea kutengeneza kama kawaida, nusu lita mpaka lita kwa siku, inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo badala ya kukusanywa. Wiki za kwanza kula milo midogo, mafuta uyarudishe taratibu. Kuna watu wanaharisha baada ya chakula cha mafuta, mimi ilinichukua kama wiki sita kutulia, nyuzinyuzi za maharage na dona zilisaidia. Ikizidi miezi miwili mitatu rudi useme, ipo dawa yake. Kuinua ndoo ya maji nilisubiri wiki nne, mama mkwe akanuna kidogo.